Kibao cha Kiogora Kilichokaa na Mbuzi

Wachungaji, wazee, akina mama, na nyinyi vijana mlioegesha vibao vyenu vya magurudumu kando ya hema, mimi ni Mithika, binamu wa marehemu, familia imenituma nisome maisha yake na imenionya nisichekeshe watu, lakini yeye mwenyewe hakuna aliyemwonya.

Kiogora alizaliwa tarehe 9 Mei 1985 hapa Mitunguu, mtoto wa pili wa Mzee Muthamia na Mama Cicily, akasoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari kule Nkubu, ambako alipata sketibodi ya mitumba, akachora mbuzi mwenye mabawa upande wake wa chini, na likizo ya Agosti 2001 akateremka nayo mlima wa kanisa hapa kwetu, breki hana, akatua katikati ya ndizi za akina mama sokoni. Mzee alikichukua kibao, akasema, "Mbuzi akae na mbuzi wenzake," akakipigilia misumari kwenye mlango wa zizi, mchoro ukitazama ndani, kwa hiyo mbuzi wa boma hili ndio waliohudhuria maonyesho yake ya kwanza.

Mwaka wa 2004 alihamia Manyatta, Embu, akachora mabango ya vinyozi, akachora vibao vya wenzake, akajifunza kubuni kwa kompyuta, na hata pakiti ya majani chai mliyofungua leo asubuhi ni mkono wake. Alifunga ndoa na Wambeti tarehe 3 Desemba 2011, wakajaliwa Muthamia mdogo na Cicily mdogo. Kila akija nyumbani alisalimia mbuzi kwanza, kisha akauliza, "Baba, kibao utanirudishia lini?" na mzee, akiwa chini ya mabati yaliyonunuliwa kwa pesa za michoro hiyo hiyo, akajibu, "Ukipata kazi."

Aliugua figo kuanzia Februari 2023, akatibiwa Embu, akatutoka tarehe 18 Juni 2024, nasi tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Manyatta waliompikia uji, na wenzake wa kazi waliomletea rangi hata wodini.

Jana asubuhi mzee aling'oa kibao, akakifanya mkono wa msalaba, mchoro ukitutazama sisi, akaandika jina la mwanawe kwa brashi, herufi zimepinda, vijana wakaomba wazinyooshe, akawakatalia, na chini ya jina akaongeza neno moja: MCHORAJI.

Zizi sasa halina mlango, maana uling'oka pamoja na kibao, mbuzi wakipita kati yenu msiwafukuze, nao wamefiwa.

Kibao kimerudi, Kiogora wetu, pumzika kwa amani.