Chupa Iliyogoma Kujaa

Benchi lile lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Liliegemea ukuta wa duka la vyuma chakavu, pale barabara mbili zinapokutana, na waliolikalia walikuwa wamelikalia hata mbao zikachukua maumbo yao. Birika, muuza kahawa, ndiye aliyekuwa akilifuta asubuhi. Klachi alikuwa dereva wa lori kabla ya kustaafu. Mpaka leo akikasirika mguu wake wa kushoto hukanyaga hewa. Profesa aliuza magazeti, na kwa kuwa aliyasoma kabla ya kuyauza, hapakuwa na jambo asilolijua nusu. Wa mwisho alikuwa fundi bomba. Walimwita Injinia kwa kumtania, naye, Mungu amsamehe, jina likamwingia kichwani. Mchana ule alifika akivuja jasho, dumu la siki begani, bomba la mpira shingoni kama nyoka aliyefugwa, na ndoo yenye chupa nne mkononi. Hakusalimia.

— Vipi, Injinia, umehama nyumbani? Birika akamuuliza.

— Nipe kahawa. Tena usinichekeshe.

Hakuwa na hamu ya kucheka, na sababu alikuwa nayo. Mkewe na kina mama wenzake walikuwa na kikundi cha kutengeneza siki katika chumba cha uani. Duka moja kubwa lilikubali kuichukua kwa sharti moja: chupa zote zijae usawa mmoja, maana rafuni chupa moja ikipungua kuliko wenzake, mnunuzi huzishuku zote. Kwenye kikao kina mama walianza kunong'ona kwamba hawataweza. Mkewe akasimama, mkono kifuani, akasema: "Mume wangu anaunda mashine. Huyo niachieni mimi." Mwenye duka angekuja leo saa kumi. Na jana, mkewe alipomuuliza kama mashine imejaribiwa, Injinia alijibu kwamba imejaribiwa na imefaulu. Ilikuwa haijaonja hata tone.

Basi ikifeli, atakayeaibika mbele ya wenzake ni yule aliyesimama, si yule aliyedanganya.

— Hebu tuonyeshe basi, akasema Klachi.

— Ni rahisi. Dumu linakaa juu. Bomba linashuka. Mwisho wa bomba kuna kizibo cha mpira, nimekitoboa katikati likapita bomba lenyewe. Nakigandamiza mdomoni mwa chupa, nakibana, hata siri haipiti. Tone halimwagiki.

— Safi sana, akasema Profesa. Sasa tatizo?

— Siki inaingia vidole viwili, halafu inagoma. Ukingoja, inakutazama tu.

— Chupa zote nne?

— Tatu. Hii ya nne ilijaa mpaka juu, na ndiyo mbovu kuliko zote. Tazama, mdomo umemeguka, kizibo hakikai sawasawa.

Wote wakaitazama chupa iliyomeguka. Wakaitazama kwa heshima, kisha wakaiweka kando, wakarudi kwenye mambo ya maana.

— Siki imechoka, akasema Klachi.

— Imechokaje? Inashuka, haipandi.

— Hata kushuka kunachosha. Uliza magoti yangu. Wewe unaishusha kwa gia kubwa, ikifika chini haina nguvu. Mimi nimeshusha mizigo milima usiyoijua, ndugu yangu.

— Siyo hivyo kabisa, Profesa akamkata. Hili ni suala la mvutano wa ardhi. Ardhi inavuta vitu vizito. Siki ni nyepesi, ardhi haiioni vizuri. Ingekuwa asali, saa hizi unapiga lebo.

— Kwa hiyo nikamwambie mke wangu wauze asali?

— Mimi natoa sababu. Utekelezaji ni wako.

Birika akainua birika lake.

— Mbona kahawa ni nyepesi na inashuka vikombeni siku zote?

— Kahawa yako, Birika, inashuka kwa aibu.

Wakacheka, hata Injinia midomo ikamponyoka kidogo, kisha akakumbuka saa kumi, akaifunga. Jua lilikuwa limeshavuka paa la duka la vyuma.

— Jamani, mwenzenu nina mgeni leo.

— Tulia, akasema Klachi. Iliyomeguka imejaa, si ndiyo? Nzima hazijai, si ndiyo? Basi kwa nini tunazunguka? Nipe nyundo, tumegue zote.

— Wewe mzee! Watu wakakatwe vidole?

— Umeuliza namna ya kujaza. Hukuuliza habari za vidole.

Injinia aliyashika yale maneno kwa nukta moja. Kulikuwa na kitu ndani yake, alikisikia kikigonga kwa mbali, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Lakini Profesa alikuwa ameshafungua mdomo, na Profesa akiufungua, mlango wa jirani hausikiki tena.

— Kosa letu ni kudhani kwamba viwandani wanajaza chupa.

— Sasa wanafanya nini?

— Hawajazi. Nani ana muda wa kupitisha kitu chembamba kwenye shingo nyembamba, maelfu kwa maelfu? Wanaigandisha siki kwanza. Inasimama wima kama nguzo. Halafu wanaivisha chupa.

— Wanaivisha?

— Kama soksi.

— Umeona wapi?

— Nimesoma.

— Gazeti gani?

— Lilikuwa limefungia misumari. Tarehe ilichanika.

Klachi akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayelazimika kutoa siri ya serikali.

— Mimi sikusoma. Nilikuwepo. Nimepeleka chupa tupu kwenye kiwanda cha maji miaka na miaka. Ndani haturuhusiwi, lakini sauti huwezi kumzuia mtu asiisikie. Unajua mashine ile inasemaje? Shhh. Shhh. Shhh. Kutwa nzima, kila chupa mara moja.

— Ndiyo nini hiyo?

— Inazibembeleza. Chupa ni kama mtoto, ukimjaza dawa kwa nguvu anafunga koo. Wazungushe kwanza, wanyamazishe, shhh, ndipo wanafungua koo wenyewe. Wewe, Injinia, uliibembeleza hata moja?

Injinia akakiri kwamba hakubembeleza.

— Umeona! Unakuja na mabavu, unabana shingo, unataka mtu anywe!

Na hapa isemwe ukweli, mtu akiwa na shida hakosi hata dakika moja ya kuamini upuuzi. Injinia aliinamia chupa, akaipigapiga ubavuni taratibu, akaiambia shhh. Birika alipoona hivyo aligeuka, mabega yakimtetemeka.

— Haisikii, akasema Injinia.

— Basi ni urefu, akaamua Profesa. Dumu liko chini mno. Klachi, panda juu ya benchi.

Klachi akapanda, dumu mikononi. Profesa akashika chupa chini. Injinia akakigandamiza kizibo kwa kidole gumba, akafungua bomba. Siki ikashuka, ikafika pale pale, ikasimama.

— Juu zaidi!

Birika akanyang'anywa kreti lake la vikombe bila kuombwa ruhusa. Likawekwa juu ya benchi, Klachi akapanda juu ya kreti, akalinyanyua dumu mpaka kwenye kibao cha duka.

— Imeongezeka! Profesa akapiga kelele. Imeongezeka, ukucha mzima! Nilisema nini? Ardhi imeanza kuiona!

— Ukucha haunisaidii!

— Basi tupande ghorofani!

— Kina mama watajazia ghorofani?

— Fanyeni haraka, akaguna Klachi huko juu, mikono inalala.

Injinia akabana zaidi. Moyoni akasema, ee Mungu, si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mke wangu. Alipokwisha kusema akaona si kweli yote, akaongeza: na kwangu pia kidogo. Kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi. Kikateleza. Kizibo kikainuka upande mmoja, hewa iliyobanwa ndani ikapata mlango, na chupa ikasema, taratibu na wazi kabisa:

— Shhh.

Siki ikaporomoka. Ikapanda chupani haraka, ikapita tumbo, ikapita bega, ikaingia shingoni.

— Nilisema kubembeleza! akalia Klachi.

— Urefu! Urefu na mvutano!

— Inajaa! Jamani inajaa!

Ikajaa. Na ilipojaa haikuwa na habari nyingine, ikaendelea. Ikamwagika kwenye mkono wa shati la Profesa, kwenye magazeti ya siku ile, kwenye kifua cha Injinia, na kwenye viatu vya mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama pale kwa muda, begi kwapani, bila mtu kumwona.

— Ifunge!

— Nifunge kwa mkono gani?

Injinia akakunja bomba. Tone moja moja likaendelea kudondoka kutoka kwenye benchi. Yule mama akakung'uta kiatu kimoja, akakung'uta cha pili. Hakuonekana kukasirika. Aliitazama ile chupa iliyofurika kama mtu anayetaka kuelewa.

— Samahani wazee wangu, mimi si mtaalamu. Nauliza tu. Ikishajaa, inajuaje kusimama?

Klachi akamtazama Profesa. Profesa akaanza kukamua gazeti. Birika akagundua kikombe kilichohitaji kufutwa. Watu waliokuwa wamejua siri za viwanda, uzito wa asali na tabia za chupa tangu zikiwa changa, wote wakawa na shughuli.

— Haya, akasema yule mama. Na Injinia ni yupi hapa?

Hakuna aliyemtaja. Ila Klachi, mikono yake ikiwa imejaa dumu, alimwelekezea kwa kidevu.

— Ni mimi, mama.

— Mimi ndiye mwenye duka. Ndiye niliyeagiza siki.

Ulimi wa Injinia ulikuwa na jibu tayari, la kupendeza, kwamba haya ni majaribio ya mwisho mwisho. Aliliona lile jibu lilivyokaa vizuri mdomoni. Kisha akamwona mkewe kikaoni, amesimama, mkono kifuani.

— Mama, sitakuficha. Mashine haiko tayari. Hata jana nilipomwambia mke wangu iko tayari, haikuwa tayari. Nilimdanganya. Kama kuna wa kulaumiwa nilaumu mimi, yeye alisimama kwa ajili ya maneno yangu.

— Nimlaumu kwa lipi? Nimetoka kwake sasa hivi. Chupa zangu zimejaa zote, usawa mmoja, ziko ndani ya makasha.

— Zimejaa? Kwa mashine gani?

— Kwa faneli. Wanajaza mpaka inafurika, wanazamisha kijiti, kile kile kimoja kwa kila chupa, wanakitoa. Iliyozidi inaangukia beseni, inarudi kwenye ndoo. Wameanza tangu alfajiri.

— Tangu alfajiri, Injinia akarudia.

Alfajiri ndipo alipotoka nyumbani na dumu lake, akimsisitizia mkewe asiwe na wasiwasi wowote. Naye alimjibu kwamba hana.

— Na mashine? Hakusema kitu?

— Mimi ndiye niliyeuliza. Kina mama wengine wakaanza kutazamana, mmoja akaguna. Mkeo akawakata. Alisema mume wake ni mtu makini, hapendi kumkabidhi mtu kazi mbichi, tumpe nafasi. Ameniomba nikupitie. Ukipata nafasi, uje utusaidie kupakia makasha.

Injinia hakujua pa kuuweka uso. Angetukanwa, angejua la kufanya. Kutukanwa alikuwa amekuzoea. Akaliacha bomba benchini, akavuka barabara nyuma ya yule mama, shati limemganda kifuani.

Mkewe alikuwa nyuma ya gari la mgeni, akipanga makasha. Alimsikia kwa pua kabla ya kumwona.

— Umeoga siki?

— Nilikuwa kwenye majaribio.

— Sasa inajaza?

Akafikiri. Kwa mara ya kwanza tangu jana, akamjibu ukweli mtupu.

— Inajaza. Ila haijui kusimama.

Mkewe akatazama ng'ambo ya barabara. Klachi alikuwa bado juu ya kreti na dumu lake, Profesa akimweleza jambo kwa mikono yote miwili, Birika naye akimkatiza.

— Itakuwa imejifunzia kijiweni, akasema, akamtwika kasha.