Nguo za Kurudi Nyumbani

...na ndiyo maana nasema, kama nilivyokuwa nawaambia wenzangu kwenye chai, haitoshi mtu huyu kuagwa kwa keki na makofi peke yake. Amefua na kupiga pasi katika hospitali yetu kwa miaka thelathini na mitatu, na Ijumaa, tarehe kumi na mbili mwezi huu, amestaafu. Sote tunamwita Mzee Mkunjo, kwa sababu hajawahi kuwa na adui mwingine duniani isipokuwa mkunjo wa nguo.

Alianza kazi enzi za kuchemsha shuka kwenye mapipa, akapanda taratibu hadi kuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Mashine za kukaushia zilipoletwa hakuziamini hata kidogo. Alikuwa akizigonga mlangoni na kupiga hodi kabla ya kuzifungua, na tulipomcheka alijibu kwamba kitu chenye joto namna ile lazima kina mwenyewe. Hadi siku ya mwisho alipiga hodi.

Lakini sifa yake kubwa haimo kwenye orodha ya majukumu ya mtu yeyote. Shuka, mapazia na magauni ya wagonjwa ndiyo kazi yetu. Nguo ambazo mgonjwa aliingia nazo si kazi yetu. Hufungwa kwenye mfuko na kukaa stoo mpaka aruhusiwe. Mzee Mkunjo alikuwa akiulizia wodini nani anatoka kesho, kisha anaifuata mifuko hiyo. Atafua, atashona kifungo kilichong'oka, atapiga pasi, halafu atafunga kwa utepe wa kitambaa cheupe ulioandikwa neno moja: Nyumbani.

Kaka yetu wa mashine za kukaushia ndiye aliyekuwa bingwa wa kumtania. Mzee, hao wanakwenda kupanda basi, hawaendi harusini! Mzee Mkunjo hakukasirika. Alisema mtu akirudi kwake amekunjamana, majirani watadhani Mungu alimsahau huko alikokuwa, na Mungu atakuwa amesingiziwa bure. Yeye hakutaka Mungu asingiziwe wakati pasi ipo na moto upo.

Kuna mama mmoja alilazwa muda mrefu bila mtu wa kumtembelea. Siku ya kuruhusiwa akaletewa gauni lake limenyooka, na upindo uliokuwa umechanika umeshonwa. Hakwenda getini. Alikuja kwa mkongojo mpaka kwetu, kwenye mvuke na makelele, akauliza nani amemfanyia vile. Akamwambia Mzee Mkunjo kwamba usiku wote alikuwa akimuuliza Mungu kama bado anamjua, na sasa amejibiwa. Mzee wetu akababaika. Akasema mama, mimi ni dobi tu, usinipandishe cheo. Kisha akageukia meza yake na kuipiga pasi foronya moja mara tatu, bila kututazama usoni.

Msidhani hakuwahi kukosea. Aliwahi kukosea mara moja, na kosa hilo nalishukuru kila ninapoamka! Wagonjwa wawili wa wodi moja walikuwa na mashati ya buluu, mmoja dereva wa lori mwenye kifua cha mlango, mwingine seremala mwembamba. Utepe ukafungwa kusiko. Kesho yake seremala akaja kwenye dirisha langu la kupokelea nguo akiwa ndani ya shati la dereva, mikono imemfunika hadi vidole. Nilimuuliza kama amelivaa au limemmeza. Akasema dada, cheka tu ukimaliza unipe langu. Nilicheka, nikampa lake lililokuwa bado kwenye fungu la dereva, na bado akarudi siku iliyofuata, eti kuhakikisha kwamba dereva naye amepata lake. Sasa tuna mwezi wa pili tangu tufunge ndoa, na seremala huyo ndiye mwanga wa macho yangu. Shati la harusi lilinyooshwa na Mzee Mkunjo mwenyewe, aliyetangaza mbele ya wakwe kwamba safari hii amelipima.

Wiki zake za mwisho zilikuwa na kitu kilichomkaa rohoni, na sote tulikijua. Nani angezifuata nguo za stoo? Hakuweza kuamuru, maana si kazi ya mtu. Alikuwa anasema tu, kama anayejisemea, kwamba kesho wanatoka watatu. Sisi tuliinamia shuka zetu. Kaka wa mashine alikuwa mzito wa kusikia kuliko wote.

Ijumaa ile, baada ya makofi, Mzee Mkunjo alirudisha ovaroli akaingia chumba cha kubadilishia nguo. Akakawia. Tulipochungulia tulimkuta amekaa kwenye benchi, shati lake na suruali yake viko mapajani, vimepigwa pasi na kufungwa kwa utepe mweupe: Nyumbani. Mwandiko ulikuwa wa kaka wa mashine. Mkono mmoja wa shati ulikuwa na mistari miwili ya pasi, kama reli. Mzee Mkunjo aliitazama mistari ile, yeye ambaye angerudisha shuka kwa kasoro ndogo kuliko hiyo, akalivaa shati hivyohivyo na kutoka nalo hadi getini, kichwa juu.

Jumatatu kulikuwa na mafungu matatu yenye utepe mweupe kwenye rafu. Mikono ya mashati bado ina reli, lakini tunajifunza.

Mzee wetu, asante kwa mikono yako, na kwa kututunzia jina la Mungu humu kwenye mvuke. Pumzika, ulale mpaka jua likuchoke, na maisha yako yanyooke kama ulivyotunyooshea sisi. Kabla mwezi huu haujaisha, mimi na seremala wangu tutapiga hodi kwako. Shati lake nitalipiga pasi mwenyewe. Ulikague hapo mlangoni kabla hujatukaribisha.