Kishikwambi Chenye Laini

Basi la Maswa lilikuwa na nafasi, na bwana mifugo aliyekaa mbele yangu alikuwa na furaha: anakwenda kununua kishikwambi.

"Nachukua chenye laini, mayu, mama yangu, kinikumbushe kazi. Cha waifai tupu kule Shishiyu ni sahani."

Mama wa pembeni yake, mwalimu, akabisha. "Kukumbusha hakuhitaji mtandao."

"Cha zamani kilikuwa cha waifai. Nilikiandikia saa nne, nikampandikize mbegu ng'ombe wa Mzee Shigela. Kikaita saa kumi jioni, joto lake la kutaka dume limeshapita!"

"Uliandika nne?"

"Nne."

Mwalimu alimtazama kama mwanafunzi wake. "Baba, hata chenye laini kinahesabu saa za Kizungu."

Basi likasimama. Bwana mifugo akashuka akitabasamu. "Ndiyo maana nataka laini. Nimpigie Shigela, amwambie ng'ombe asubiri."