Jina Moja, Orodha Mbili

Katika basi la asubuhi litokalo mtaa wa Kamalondo kwenda mjini, mwaka 1958, walikuwamo mwalimu Adalbert, fundi wa reli Anaclet, mpishi Désiré, wauza mboga watatu, na dereva aliyependa kusikiliza kuliko kuendesha.

Désiré, mzaliwa wa jimbo jirani la Kasai, aliwapikia walowezi wa Kizungu wa klabu moja waliotaka jimbo lao la Katanga lijitenge na Kongo pasipo kuafikiana na mtu yeyote. Mwalimu aliketi nyuma yake, kitabu wazi, asisome hata neno.

"Jana niko nagawa supu, bo banapanga vita," alisema Désiré. "Baliandika liste mbili. Ya kwanza ni ya bageni: bantu ba Kasai barudie kwabo na treni. Jina yangu iko."

"Pole, baba," alisema Anaclet akicheka. "Na nyumba yako ya Kamalondo?"

"Miaka makumi mbili niko mule. Sikia ya pili: bantu ba kuaminika, ba kuchunga depo ya masasi. Jina yangu iko tena."

"Basi utachunga ku dirisha ya treni."

Mwalimu, mzoefu wa kusahihisha, hakujua aanzie wapi. "Wao wenyewe hawawezi kulinda ghala lao la risasi?" aliuliza.

"Banaweza, mwalimu. Lakini banaogopa masasi."

Basi likasimama mbele ya klabu. Désiré hakuinuka. "Musikie bote," alisema. "Mi sishuke. Mpaka bafute jina yangu ku liste zote mbili, supu bajipikie."