Vigae Vitatu Alivyovikataa Muktaben

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi miwili kwenye meza ya ukaguzi, Muktaben Dabhi anastaafu leo, tarehe 31 Machi. Ilibaki kidogo asistaafu, na chanzo ni zawadi yetu wenyewe.

Alianza kazi kiwanda chetu cha vigae kikiwa na tanuri moja, na mji wetu wa Morbi bado ukisifika zaidi kwa saa za ukutani. Kazi yake ilikuwa kugonga. Kila kigae kilichotoka tanurini alikigonga kwa kifundo cha kidole: kizima hulia, chenye ufa, kwa maneno yake, hukohoa. Mwaka juzi ililetwa mashine ya kupima. Wiki ya kwanza alipishana nayo mara nne, na mara zote nne mashine ndiyo iliyokosea, ikabidi fundi wake aitwe.

Tabia hiyo imemganda. Hugonga matikiti sokoni, hugonga masufuria ya wakwe. Kwenye harusi moja katika jumba la zamani la mfalme, kando ya mto Machchhu, alipiga magoti na sari yake mpya, akagonga marumaru kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya jalebi na vitamu vingine, kisha akampongeza mlinzi kwa sakafu isiyo na ufa.

Sasa hiyo zawadi. Meneja wetu, Jayantibhai, aliagiza kigae chenye jina la Muktaben kwa rangi ya dhahabu. Muktaben akakigonga, kikakohoa. Cha pili nacho kikakohoa. Jayantibhai jasho likamtoka, maana alikwisha kuapa kwamba hatamuaga Muktaben kwa kigae kibovu. Cha tatu tulikipitisha kwenye mashine, tukakigonga sote, hadi mpishi wa kantini. Kilikuwa kizima kabisa. Muktaben akakikataa.

Mimi, Ilaben, niliyekaa naye meza moja miaka kumi na miwili, nikamvuta kando na sahani ya ganthiya, vile vitafunio vya unga wa dengu.

"Mama mdogo, kile kinalia. Usitufanye hatuna masikio."

"Najua kinalia," akasema. "Lakini nikishakikubali, asubuhi nitakuwa nagonga nini?"

Nilitaka kulia na kucheka, nikaona nicheke.

"Gonga mlango wangu. Chai itakuwa jikoni."

Akamaliza ganthiya bila haraka, na pilipili zake zote. Kisha akaomba chaki, akaandika nyuma ya kigae: Daraja la Kwanza.

Asante, Mama mdogo, kwa kila nyumba ambayo sakafu yake haikukohoa. Tunakutakia asubuhi njema nyingi. Mlango wangu ni ule wa bluu, wa pili kutoka kisimani. Ukikohoa, usiukatae.