Siliba Unachokijua

Umeisikia hiyo, Limi? Hiyo rimu ya gari iliyotundikwa shuleni kwetu, inagongwa saa hizi za usiku. Nesi wa zahanati hii anasema hakuna kitu, ni presha inanipiga masikioni, na hivi vidoti vinavyoelea ukutani anasema ni presha hiyo hiyo na mimba hii ya miezi minane. Haya, iwe presha. Sogea karibu, na mwanangu Ritha mlaze hapa miguuni pangu kwenye khanga, usimwamshe, halafu unisikilize, maana gari la kunipeleka hospitali Shinyanga likifika nitakuwa sina tena nafasi ya kusema. Wosia ni wa wazee wenye mvi, najua, na mimi sijafika hata miaka ishirini na mitano, lakini mama alipotuacha wewe ulikuwa hujaota jino, mgongo wangu ndio ulikuwa kitanda chako, na aliyekubeba ana haki ya kukuusia.

Sauti ile naijua. Niliisikia miaka kumi iliyopita, usiku kama huu, mara saba, taratibu, kama mtu anayeita darasa la saba lipange mstari, na kijiji kizima hakuna aliyefungua mlango. Alikuwa Mwalimu Magesa. Mchana wa siku ile walikuwa wamemvua ukuu wa shule, na kulipokucha hakuwepo.

Mimi ndiye niliyemvua, mdogo wangu. Usinikatize, nikikatizwa nitaogopa, nami nikiogopa nitanyamaza tena kama nilivyonyamaza miaka yote.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wangu wa mtihani wa darasa la saba. Mwalimu Magesa alikuwa anatubakiza hadi jua linakuwa jekundu, na kwa kuwa penseli zilikuwa chache alitukatia maboksi vipande vipande, akachora viduara, akatupa mkaa, akatufundisha kusiliba jibu moja katika kila mstari, usitoke nje ya duara, usisilibe mawili. Nikalala usiku nikiota viduara vinashuka kutoka mbinguni kama mvua ya kwanza, na mimi navikinga kwa kiganja. Basi jioni ya kuamkia mtihani tulikuwa tunakula michembe, viazi vile vya kukaushwa, baba akatafuna, akameza, akasema bila kuniangalia: "Kesho siliba B zote, toka juu mpaka chini, kama unavyosiliba ukuta." Nikasema ndiyo, baba. Nani angesema hapana? Si mimi peke yangu. Kila nyumba yenye mtoto wa darasa la saba ilikuwa imekula na neno hilo jioni ile, maana wazazi walikuwa wamekubaliana: anayefaulu anakwenda mbali, ng'ombe zinabaki bila mchungaji, na binti anarudi hamtaki mume aliyechaguliwa.

Asubuhi nikaishika ile karatasi, nikasoma swali la kwanza, na jibu nikalijua, Limi. Ni hilo tu. Nililijua, na mkono ukaenda kwenye lile nililolijua, ukaenda na la pili, na la tatu, kama ng'ombe anayejua njia ya kisimani hata ukimfumba macho. Wenzangu wote walisiliba B. Nilifaulu mimi peke yangu katika watoto arobaini na mmoja, na shule yetu ikashika mkia wilaya nzima.

Ndipo serikali ikaja, magari mawili. Wakakagua paa, wakahesabu matundu ya choo, wakafunua maandalio ya masomo ukurasa kwa ukurasa. Kisha wakatuingiza darasani, wazazi wakakaa benchi la nyuma, baba katikati yao na fimbo yake magotini, na afisa mmoja akanisimamisha mimi niliyefaulu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Tuambie, binti, mwalimu wenu alikuwa anafundisha?" Nikageuka nikaiona ile fimbo. Haikuinuliwa, ilikuwa imelala tu. Nikasema, "Siku nyingine alikuwa anafundisha."

Siku nyingine. Maneno mawili. Afisa akayaandika, nikaona kalamu ikitembea. Mwalimu Magesa hakukasirika, hakusema mtoto huyu mwongo. Aliinama, akaokota kipande cha chaki sakafuni, akakipangusa vumbi, akakitia mfukoni. Kila nikifumba macho naiona hiyo chaki. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nimelificha la kwangu mpaka naenda kuzaa nalo.

Usimchukie baba. Nakuomba hilo kwanza kabla ya mengine. Msimu mzima wa kupanda hakusema nami, nikimwekea maji ya kunawa ananawa kimya, lakini siku ya kwenda sekondari alitoka sokoni Songwa kwa miguu na tranka jipya la bati kichwani, akalitua mlangoni, akasema likaze kufuli, wanafunzi wa bweni ni wezi. Ndivyo alivyoniomba radhi. Tranka hilo sasa ni lako. Lina madaftari yangu yote na sweta moja zuri. Mbuzi wangu wawili ni wa Ritha. Vitenge gawa na wifi zangu wasije wakasema.

Na sasa shule yetu imo tena katika orodha ya zilizoshindwa, umeyaona mwenyewe. Maafisa wamehamia pale, wamewaweka kambini mnalala madarasani, mnarudi nyumbani kula tu, ratiba wamepanga wao, na Mwalimu Febronia, mkuu wa sasa, ana barua mezani inayosema mkishika mkia mwaka huu naye anavuliwa. Wanakagua kila kitu, Limi, isipokuwa mlo wa jioni. Huko hawafiki, huko ndiko shule inakoangukia.

Jumapili, kwenye kinu, uliponiambia huku unalia kwamba baba amekuita pembeni akakwambia usilibe C zote, nilicheka, ukaniona sina huruma. Nilicheka kwa kuwa mzee amebadilisha herufi, anaona B imeshajulikana. Wale watu wa ng'ombe za mahari wameshakuja mara mbili kunywa togwa kwetu, na hawakuja kwa ajili ya togwa.

Sasa sikia. Ukiitwa tena, itika. Sema ndiyo, baba, piga goti, usibishane, maji hayapigani na jiwe, yanapita. Jumatano ya mtihani wako, ukikaa na karatasi yako, soma swali, na ukilijua jibu siliba unachokijua. Cha wenzako usikitazame, kila mkono na penseli yake. Na majibu yakitoka, ikiwa mimi sijarudi, usije ukasema unabaki kumlea Ritha. Nimekwisha kuliona hilo kwenye macho yako, liondoe. Ritha ataenda Ushirombo kwa bibi yake, Mama Violeth; mume wangu Bujiku anajua, nimemtumia ujumbe kule machimboni. Ukibaki kwa ajili ya mwanangu utakuwa umenizika mara mbili.

Nipe maji. Kidogo tu. Vidoti vimekuwa vingi, vimejaa mpaka kwenye neti, vyote vyeupe, hakuna hata kimoja kilichosilibwa.

Lililobaki ni moja. Bujiku amemwona Mwalimu Magesa kule Nyarugusu, anafundisha shule ya watoto wa wachimbaji, mwalimu wa kawaida, ana mvi, na bado anakata maboksi na kugawa mkaa. Ukishafaulu, mwambie shemeji yako akupeleke. Mwamkie shikamoo, kisha mwambie hivi, usipunguze wala usiongeze: dada alisema, ulikuwa unafundisha siku zote. Siku zote, Limi. Si siku nyingine.

Mwambie yeye, na mwingine usimwambie. Wale maafisa wakikuuliza, hujui. Wakijua watamfunga baba, na wazee wengine pamoja naye, na nyumba ile itabaki na nani? Najua huko nako ni kusiliba, tunapaka udongo juu ya ufa. Lakini ufa wenyewe utaujaza wewe Jumatano, ukitaka. Mimi siwezi zaidi ya hapo.

Taa hizo ni za gari? Mbona zinakuja kama... kama karatasi. Mshike Ritha. Mungu akupe mkono usiotetemeka. Akupe jibu, na akupe ujasiri wa kulijua mbele za watu, ambao mimi alininyima, au alinipa nikauacha kwenye benchi. Wabeja, asante mdogo wangu, umenisikiliza vizuri.

Ahidi sasa kwamba utasiliba unachokijua, kabla hawajaingia na machela. Sema kwa sauti... Haya. Nimekusikia.

Na lako la kwenye kinu, lile la C, nimelibeba mimi. Sitamwambia mtu mwingine.