Lutengano Mwakasitu, Aliyefiwa na Ndugu wa Kale

Nasoma mimi, Anyisile, mjomba wa marehemu, kwa sababu katika ukoo huu hakuna mwingine mwenye sauti ya kufika mpaka migombani kule nyuma.

Mpendwa wetu Lutengano alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Mwaya, mtoto wa kiume wa pekee wa dada yangu Elizabeth. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Alinizidi darasa moja, na hilo alinikumbusha mpaka mwezi uliopita.

Alikuwa mkulima wa mpunga. Mwaka 1964 alimwoa Tusekile, mfinyanzi wa Lyulilo, wakahamia Katumba Songwe. Serikali iliporuhusu biashara ya mpakani, alianza kuvusha vyungu vya mkewe kwenda Malawi na kurudi na sabuni. Mimi nilikuwa meneja. Yeye alibeba.

Februari 1993, baada ya mvua kubwa, tulikuwa tunapita korongoni ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Lutengano akasimama. Taya lilikuwa limetokeza kwenye udongo, jeusi, zito kama jiwe.

"Twende zetu," nikamwambia. "Hilo la nyani."

"Mjomba, hebu fungua kinywa."

Nikafungua. Akachungulia magego yangu, akachungulia ya lile taya.

"Huyu ni mtu," akasema. "Tena ni wa upande wenu."

Lutengano hakuwa wa kumwacha mtu porini. Alichagua chungu kizuri kuliko vyote, akalilaza taya humo, tukalizika nyuma ya nyumba ya dada yake Hellen, aliyeolewa hukohuko Malawi. Wanawake walilia kweli, si kwa kuigiza. Mume wa Hellen akauliza, "Jamani, tunamlilia nani?" Lutengano akamjibu, "Asiye na wa kumlilia. Keti chini, shemeji."

Msiba haujapoa, akaja binti mmoja wa Kimalawi, Mercy, mtafiti wa mifupa ya kale. Aliketi kwanza mkekani, akatoa rambirambi, ndipo akaomba kumwona marehemu. Alisema Kingonde, lugha ndugu na yetu, nasi tukamsikia kama mtoto wa nyumbani. Lutengano akakifukua chungu, naye Mercy akainama kuyachunguza meno.

"Baba, huyu alikufa zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita," akasema. "Alitembea wima kama sisi. Meno yamelika kwa kutafuna vitu vigumu. Wa jamii yake wamepatikana mbali kaskazini, na wengine wanaofanana nao mbali kusini. Bonde hili huenda lilikuwa njia yao."

"Kumbe naye alikuwa anavuka," Lutengano akasema. "Basi ni babu yetu?"

"Ni wa ukoo wa watu. Kama ni babu au ndugu wa babu, hilo bado tunabishana."

"Hata sisi tunabishana hivyohivyo," akasema, akamkabidhi taya pamoja na chungu chake, Mercy akavitia vyote sandukuni.

Tuliporudi, maneno yakaanza. Watu walisema Lutengano amefukua maiti na kuiacha iondoke kwenye sanduku. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Aliniuliza mara nyingi, "Mjomba, mtu niliyemzika mwenyewe, nimemtoa tena akalale wapi?"

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 1996. Mwaka huu alipozidiwa, nilivuka mto mwenyewe nikamtafuta Mercy. Akaja. Lutengano hakumuuliza habari za safari.

"Mwanangu, analala peke yake?"

"Hapana, baba. Pale makumbusho kuna taya la mwenzake kulia na fuvu la mwingine kushoto. Chungu chenu kipo pembeni yake. Watoto wa shule huja kumwona, nasi huwaambia kwamba huyu alililiwa."

Lutengano akafumba macho, akasema, "Ndaga, mwanangu." Asante hiyo alikuwa ameitunza kwa miaka mitano. Usiku huo alilala bila kuniuliza kitu. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 1998, nyumbani, mkono wake ukiwa mikononi mwa Tusekile.

Ameacha mjane, Tusekile, watoto wawili, Samsoni na Diana, wajukuu saba, dada yake Hellen, na mimi mjomba, niliyebaki na magego yangu bila wa kuyachungulia. Ametanguliwa na wazazi wake, na ndugu mmoja aliyelazwa ng'ambo pembeni ya chungu cha Lyulilo.

Wapumzike wote kwa amani. Hakuna aliyelala peke yake.